Mkanda wa Tatu

Siku Bwana Nathaniel alipokuja na lile kopo la bati kwapani, Othmar Kinunda alikuwa nyuma ya nyumba yake pale Mbinga mjini, amechuchumaa juu ya mkeka anachambua kahawa. Alimwona kijana yule akishuka kwenye pikipiki huku anacheka peke yake, na kabla hata ya salamu alikwisha kulitambua kopo. Lilikuwa na kutu upande mmoja, na juu ya kifuniko palikuwa na namba tatu ya rangi ya bluu. Namba ile aliiandika yeye mwenyewe mwaka wa themanini na sita. Na ni yeye aliyelitia kopo lile ndani ya gunia la mahindi, akalisukuma chini ya jukwaa la ukumbi wa parokia mpaka mkono wake ukakoma kulifikia.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba."

"Mzee Othmar, leo nimeokota dhahabu. Mafundi wameng'oa mbao za jukwaa zilizooza, wakakuta gunia. Nimelifungua mwenyewe. Mkanda wa tatu, mzee! Ule uliotuambia uliungua!"

Othmar alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na uchafu wowote. "Kumbe," alisema. "Kumbe haukuungua."

Nathaniel alikuwa afisa utamaduni, mzaliwa wa Ukerewe, aliyehamishiwa Mbinga miaka miwili nyuma. Alipofika alikuta parokia ina ukumbi wa zamani, projekta iliyofunikwa kwa shuka, na kabati lililojaa sinema za Kijerumani walizoziacha wamisionari. Akaomba ruhusa, akatafuta balbu hadi Dar es Salaam, akaanzisha kitu alichokiita Jumamosi ya Sinema za Kale. Kila Jumamosi saa tisa alasiri madirisha yalifunikwa vitambaa vyeusi, watu wakakaa kwenye mabenchi. Wazee walikuja kukumbuka ujana wao. Vijana walikuja kucheka kofia za Wazungu wa enzi hizo. Na kando ya projekta, kipaza sauti mkononi, alisimama Mzee Othmar akitafsiri, kama alivyofanya zamani kabla televisheni haijaingia mji ule.

"Jumamosi hii tunaonyesha Bibi Harusi wa Mlimani, mikanda yote mitatu," alisema Nathaniel. "Nimekwisha tangaza redioni. Na kuna zuri zaidi. Sista Scholastica amerudi. Amesoma uuguzi Ujerumani miaka minane, anaongea Kijerumani kama mwenyeji. Keshokutwa Alhamisi atakuja tuijaribu pamoja, mpokezane kutafsiri. Wajerumani wawili, mzee!"

Othmar alicheka, kwa kuwa ilibidi acheke. Nathaniel alipoondoka, Beata, mke wake, alitoka jikoni akamtazama.

"Mbona umesawajika hivyo?"

"Jua tu," alisema, akarudi kwenye kahawa yake.

Ukweli ni kwamba Othmar hakujua Kijerumani. Alijua maneno ya jikoni: maji, viazi, kisu, kimechacha. Aliyapata akiwa mpishi msaidizi katika nyumba ya Padri Benno, padri mzee wa Kijerumani aliyependa sinema kuliko alivyopenda chakula. Jumapili baada ya misa ya pili, Padri Benno aliwasha jenereta, akatundika shuka jeupe, akatafsiri mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. Othmar alikuwa mtu wa kuzungusha mikanda. Kila sinema aliiona mara kumi, akayashika maneno ya padri yote kichwani. Padri alipokuwa hayupo, Othmar aliwasimulia watu pale kijiweni, na watu walipomuuliza, "Kwani wewe unasikia Kijerumani?" alijibu, "Kidogo kidogo." Uongo wake ulianzia kwenye hilo neno kidogo.

Mwaka wa themanini na tano Padri Benno aliugua, akarudishwa kwao, na huko akafa. Sinema ziliendelea kuja kwenye masanduku kutoka kwa rafiki zake. Waumini wakasema, si yupo Othmar, amekaa na padri miaka saba? Othmar hakukataa. Zile za zamani alizitafsiri kwa kumbukumbu. Zile mpya alizitunga. Alikuwa mtunzi hodari, na sauti alikuwa nayo. Akina mama walilia alipotaka walie. Akapata heshima ambayo mpishi msaidizi haipati. Katika Noeli aliwekwa benchi la mbele pamoja na walimu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Alhamisi moja ya mwaka wa themanini na sita, mdogo wake Perpetua alipobisha hodi.

Perpetua aliolewa Lundo, chini kule ziwani, na mvuvi mmoja. Alifika Mbinga amepanda kwenye lori la mihogo, mdomo umepasuka, kanga imechanika begani. Mtoto wake Stella, wa miezi saba, alimwacha kule, maana watu wa mumewe walimnyang'anya mlangoni. Baba na mama yao walikwisha kufa wote wawili. Nyumba ya kwao Kitura ilikuwa imebomoka, shamba analilima Othmar. Kwa hiyo mlango wa kubisha hodi ulibaki mmoja tu. Othmar alimpokea, Beata akampa maji ya moto, wakamlaza sebuleni. Lakini nyumba ilikuwa ya chumba kimoja na sebule, Beata mjamzito, na Othmar alikwisha anza kuyasikia yatakayosemwa: kwamba mtu mkubwa wa parokia ameshindwa kumtunza dada kwenye ndoa yake. Siku tatu alimzunguka mdogo wake bila kumwambia kaa wala nenda.

Jumapili alimchukua ukumbini, achangamke kidogo. Akamkalisha benchi la tatu.

Sinema ya siku hiyo ilikuwa imefika jana yake, na Othmar hakuwa amepata nafasi ya kuitazama. Ilikuwa ya nchi ya milima, milima mikali kama ya kwao Umatengo, yenye kanisa dogo na ng'ombe wenye kengele shingoni. Mkanda wa kwanza ulikuwa arusi. Binti wa mlimani aliolewa na mtu wa ziwani, bondeni. Watu wakacheka: ah, hata Ulaya wa mlimani huolewa ziwani! Katika mkanda wa pili mume alilewa, mume alipiga. Mke akaupanda mlima katika mvua, peke yake, hadi mlangoni kwa mama yake.

Mama akafungua. Akamshika binti yake mabega yote mawili, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, uso wake mkali, na mwishoni alinyosha kidole kuelekea njia ya bondeni.

Othmar aliona kichwa cha Perpetua kule benchi la tatu kimeinuka, hakitikisiki. Na maneno yakamtoka kinywani, mazito, ya taratibu, kwa sauti yake nzuri kuliko zote:

"Mwanangu, aliyeolewa hana kwao. Mlango huu ulikutoa kwa baraka, hauwezi kukupokea kwa machozi. Rudi kwa mumeo ziwani. Ukavumilie."

Ukumbi wote ulishusha pumzi. Katekista Tadei alisema kwa sauti, "Kweli kabisa!" Binti kwenye shuka akajifunika kichwa, akaanza kuteremka. Hapo mkanda wa pili uliisha, na jenereta nayo ikaisha dizeli. Watu wakaambiwa warudi Jumapili ijayo kuona mwisho.

Othmar aliporudi nyumbani alikuta sebule imefagiliwa. Beata alimwambia Perpetua amefunga nguo zake, ameenda kutafuta gari la kushuka ziwani.

"Ameamua mwenyewe," alisema Othmar, akakaa kula. Na alipokuwa anakula alihisi kifua chake kimekuwa chepesi. Wepesi ule ndio aliokuja kuuonea aibu kuliko maneno yenyewe.

Katikati ya wiki aliutazama mkanda wa tatu peke yake. Hapo hapakuhitajiwa Kijerumani. Binti aliingia kwa kunyata katika nyumba ya mumewe, akamtoa mtoto kitandani, akampakata, akaupanda mlima tena. Mama alikuwa amekaa mlangoni, mlango wazi, anamngoja. Akampokea mtoto. Akamwingiza binti. Mume alipokuja akigonga na kutukana, mama alitoka na uma wa kupindulia majani ya ng'ombe, akasimama kizingitini hadi mume akageuza. Mwisho.

Othmar alikaa kwenye benchi muda mrefu huku mkia wa mkanda ukipiga kwenye gurudumu. Angeweza kupanda gari kesho yake, akateremka Lundo. Hakwenda. Jumapili aliwaambia watu kwamba mkanda wa tatu umeungua kwenye mashine. Kwa kumbukumbu yake, alisema, binti yule aliishi na mumewe hadi uzee, na Mungu akawabariki. Katekista Tadei aliyapenda yale maneno ya mama mlangoni. Akayaingiza katika mafundisho ya wachumba.

Alhamisi ilifika. Sista Scholastica alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye kicheko cha karibu, mzaliwa wa pale pale Mbinga. Wakaketi watatu katika ukumbi mtupu, Nathaniel akawasha projekta.

"Anza wewe, baba," alisema Sista. "Mimi nisikilize kwanza. Nilipokuwa mdogo bibi yangu alikuwa akikusifu sana."

Othmar alianza. Kwenye shuka, baba wa bibi harusi alivua kofia akasema neno kwa mkwe wake. "Mwanangu," alitafsiri Othmar, "nakukabidhi binti yangu kama yai."

Sista alicheka. "Hapo anamwambia ng'ombe mmoja ameshindwa kula tangu jana."

Nathaniel naye akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Othmar akaendelea na jingine, na jingine, na Sista hakucheka tena. Alimtazama kwa pembe ya jicho, kisha akatazama mbele, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake anavaa nguo. Simu ya Nathaniel ilipolia na kijana akatoka nje kuzungumza, Sista alisema taratibu, "Baba, hukijui."

"Sikijui, Sista."

"Hata kidogo?"

"Maji. Viazi." Alijitahidi kutabasamu, ikashindikana. "Kisu."

Projekta iliendelea kutatarika. Mkanda wa pili ulipofika mlangoni kwa yule mama, Othmar alisogeza kiti karibu na Sista kama mtoto wa shule.

"Hapa. Hapa anasemaje?"

Sista alisikiliza, kisha akayasema kwa Kiswahili, nyuma kidogo ya midomo ya yule mama: "Mtoto yuko wapi? Umemwacha? Shuka sasa hivi ukamchukue kabla hawajaamka. Usiogope njia. Mlango sitaufunga. Nitakaa hapa hapa mpaka urudi, na kitanda chako kipo."

"Rudia, Sista."

Akarudia. Othmar aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Miaka yote ile alikuwa akijifariji kwamba pengine yule mama kweli alikuwa amemkaripia binti yake kwanza, halafu akabadili moyo katika mkanda wa tatu. Alikuwa ameujengea uongo wake kijumba cha namna hiyo, akaishi ndani yake.

"Kuna mtu aliumia?" aliuliza Sista.

"Mdogo wangu."

Ijumaa alfajiri alipanda basi la Mbamba Bay. Beata alimwuliza anakwenda msibani kwa nani, akasema haendi msibani. Kutoka Mbamba Bay alichukua bodaboda hadi Lundo, akateremka ufukweni, kwa maana nyumbani kwa Perpetua walimwambia mama yuko kwenye usipa.

Perpetua alikuwa amesimama kwenye kichanja anageuza wale samaki wadogo waliotandazwa juani, fedha tupu kutoka upande huu hadi ule. Mumewe alikwisha kufa, mwaka wa kumi na tano sasa. Alikuwa amenenepa, mwenye nguvu, kanga imefungwa kiunoni. Sikio lake la kushoto halikusikia. Lilikufa kwa kofi moja mwaka wa tisini. Othmar akazunguka akasimama upande wa kulia.

"Kaka," alisema Perpetua, mikono ikasimama. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Beata anaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Sasa?"

Hapo Othmar alitambua kwamba hajawahi kufika Lundo ila kwa kuzika au kuuguza. Alisimulia yote akiwa amesimama juani, kofia mkononi: Padri Benno, Kijerumani asichokijua, mkanda wa tatu, gunia chini ya jukwaa, onyesho la kesho yake. Alisema maneno ya kweli ya yule mama kama Sista alivyoyasema. Perpetua alirudia kugeuza usipa. Hakumkatiza hata mara moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kaka, ulidhani sikujua?"

Othmar alimtazama.

"Aliyeolewa hana kwao. Hayo si maneno ya Mzungu. Ni ya baba. Alimwambia shangazi Kunigunda alipokuja kwetu Kitura ameumizwa, mimi na wewe tumesimama nyuma ya mlango, umenishika mkono. Umesahau? Yule mama wa kwenye shuka angeyatoa wapi? Nilijua palepale unasema na mimi."

"Perpetua..."

"Nikakaa kwenye benchi nikangoja useme na lingine."

"Lingine lipi?"

"Lolote. Watu wakatoka. Nikaenda kwako, nikafunga nguo zangu polepole. Nikafagia. Kanga moja niliikunja mara tatu, Beata ni shahidi. Nikasema atafika sasa hivi, ataniambia mwenyewe kwa kinywa chake, hata kama ni kunifukuza. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakunja mikanda."

"Haya," alisema Perpetua.

Wanawake wawili walipita na ndoo, wakamsalimia mgeni, akawaitikia. Walipokwisha pita Perpetua alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Na leo umekuja nikusamehe, ili kesho uonyeshe sinema yako na moyo mweupe. Siyo?"

Othmar alifungua kinywa kukataa, akaona kwamba ndivyo. Si yote, lakini kwa sehemu ndivyo. Alitamani mchanga upasuke.

"Huo mkanda wa tatu," alisema Perpetua, "mtoto alimpata?"

"Alimpata."

"Alilia?"

"Alilia njia nzima. Alipofika kwa bibi yake akanyamaza."

Perpetua aliitazama mikono yake, imejaa magamba. Akasema upepo umegeuka, mchanga utaingia kwenye samaki, akachukua turubai kufunika. Othmar alishika pembe ya pili ya turubai na hakuzuiwa. Wakati wa kuondoka dada yake alimpa mfuko wa usipa. "Wa Beata," alisema, akitia mkazo kwenye jina. "Na jina langu usilitaje huko kwenye ukumbi wako. Likivuma huko, mimi ndiye nitakayeulizwa maswali." Wala hakumsindikiza.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa sakafuni, kwa sababu ya tangazo la redio. Sista alishika kipaza sauti. Othmar akakiomba kwa dakika moja, akasimama mbele ya shuka jeupe, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Siku zote yeye alikuwa gizani nyuma yao.

"Ndugu zangu," alisema. "Mimi sijui Kijerumani. Sikukijua tangu zamani. Sinema hii niliitafsiri kwa uongo, na mkanda wa mwisho haukuungua. Niliuficha mimi."

Mwanamke mmoja mzee akauliza, "Na zile nyingine?"

"Nyingi nilizitunga."

Kicheko kikaanzia nyuma kwa vijana, kikaja mbele kama maji. Simu ziliinuliwa kumpiga picha. Mtu akapaza sauti, "Mzee fundi wewe!" wengine wakapiga makofi. Lakini katekista Tadei, sasa mzee wa fimbo, aliinuka kwa shida.

"Othmar. Miaka thelathini nimewafundisha wachumba maneno yale. Nikiwaambia hata Wazungu wa kale waliyajua. Wangapi nimewarudisha mimi kwa kinywa changu?" Hakungoja jibu. Alitoka akigonga fimbo, na kicheko kikafa.

"Si hilo tu," alianza Othmar. "Kuna mtu aliyeumia..." Akakumbuka aliyoagizwa ufukweni. "Naomba radhi," alimalizia, akarudi nyuma ya mashine.

Sinema ikaonyeshwa. Sista alitafsiri kwa sauti ndogo isiyo na mapambo, na kwa yale maneno ya mlangoni hakuongeza wala kupunguza. Kwenye benchi la pili mwanamke mmoja mtu mzima alijifunika uso na kanga, mabega yanatikisika, jirani yake akamshika goti. Othmar hakumjua. Alimtazama mara moja tu, akageuza macho kwenye gurudumu.

Walipotoka watu walimpa mkono. "Ah, mzee, hilo dogo!" "Ulituburudisha bure!" "Nani hajatia chumvi?" Nathaniel, ambaye alikuwa amenuna kwanza, naye akamkumbatia. Walimsamehe Kijerumani. Kila aliyemsamehe alimwongezea uzito, maana lile lenyewe lilikuwa bado kifuani na hakuna aliyeliona. Aliitikia, "Asanteni, asanteni," akihisi kama mtu anayepewa pole kwa mwiba na huku ameua.

Wiki zilizofuata watoto wa jirani walimwita Mjerumani. Aliitika. Kila Jumamosi alikwenda kuzungusha mashine, Sista akatafsiri. Akiulizwa sinema imesema nini, alijibu, "Sijui, muulize Sista." Beata, ambaye alielezwa yote usiku ule ule wa Ijumaa, hakumlaumu kwa maneno. Alisema tu, "Alifagia mpaka chini ya kiti chako. Nikadhani ninyi wawili mmekwisha elewana." Kisha siku mbili hakuzungumza naye.

Mwezi wa Januari alikuja Stella. Alikuwa mwalimu kule Ukata, mama wa watoto watatu, mrefu kama Perpetua alivyokuwa. Alifika siku ya Jumamosi, akamwamkia mjomba wake, akasema mama yake amemtuma atazame sinema ile kwa macho yake. Nathaniel alikubali kuirudia. Stella alikaa peke yake pembeni. Hakulia. Jioni alikula, akalala sebuleni, wala hakumwuliza mjomba wake neno lolote.

Asubuhi, Othmar akiwa chumbani anafunga viatu, alimsikia Stella akizungumza na simu upande wa pili wa pazia.

"Ndiyo mama, nimeiona... Hapana. Hakumwambia arudi. Alimwambia akamchukue... Ndiyo. Alikaa mlangoni mpaka mwisho... Yupo. Anavaa... Haya, nitamwambia."

Othmar alibaki na kamba ya kiatu mkononi. Chai ilipoa mezani kabla hajathubutu kutoka.

"Mjomba," alisema Stella alipomwona, "mama anauliza habari za shamba la Kitura. Anasema anataka sehemu yake. Alime maharage. Amesema usimpe kama zawadi, ni kwao."

"Ni kwao," alisema Othmar. "Mwambie ni kwao."

Shamba la Kitura lilikuwa na kahawa upande wa juu, na upande wa chini, penye udongo mzuri, pa maharage na mahindi. Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Placidi, alifika kushuhudia mpaka. Othmar alimwonyesha upande wa chini.

"Huo ndio mzuri," alisema Placidi.

"Naujua."

Mwezi wa Machi alikwenda Kitura kila siku kuchimba ngoro, yale mashimo ya kuzuia maji mlimani. Vibarua wangepatikana, lakini alichimba mwenyewe. Alifyeka majani, akayalaza miraba miraba, akayafunika kwa udongo, shimo baada ya shimo, jinsi baba yake alivyomfundisha. Akiwa na miaka sitini na sita aliweza safu mbili kwa siku, mgongo ukamlazimisha kukaa. Alipokaa maneno yalimrudia, yale ya benchi la tatu, kwa sauti yake mwenyewe, ile nzuri. Aliinuka haraka kushika jembe.

Perpetua alifika siku ya kupanda, na mbegu kwenye kibuyu. Alilizunguka shamba lote. Alikwenda hadi palipokuwa nyumba ya wazazi, ambapo sasa palibaki mawe matatu ya msingi na mti wa mparachichi, akasimama hapo. Alirudi akavua viatu.

"Safu hizi za mwisho hukuzichimba vizuri," alisema. "Maji yatapita."

"Nitazirekebisha."

"Nitazirekebisha mimi. Wewe anzia kule juu."

Othmar alianzia kule juu. Walipanda siku nzima, yeye upande wake, dada yake upande wake, na hapakuzungumzwa habari za sinema. Mchana walikula viazi alivyofunga Beata. Alasiri mvua ilianza kunyesha, nyembamba, na Perpetua akasema atalala Mbinga, kwa Beata, basi la kesho ndilo zuri. Othmar alitikisa kichwa kukubali. Hakuweza kumtazama usoni. Alichukua majembe yote mawili begani, akatangulia njiani kumkanyagia majani yaliyolowa.